Sanduku la vito la nyanya: weka ndimu kando kwanza

*Assalaam aleikum. Nyanya yetu alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, na kwa makubaliano ya ndugu wote sanduku lake la vito nimekabidhiwa mimi. Ndani mna kekee mbili (bangili pana) na mafurungu (bangili za miguuni) ya fedha, vyote vimekuwa vyeusi. Kidani cha dhahabu chenye sarafu tano za pauni. Mkufu wa marijani. Mkufu mrefu wa shanga kubwa za manjano. Lulu ambazo uzi wake umelegea. Bruchi ya vioo. Na bangili mbili nyeupe ambazo mama anasema ni pembe ya ndovu. Shangazi anataka fedha tuisugue kwa ndimu na majivu kama walivyokuwa wakifanya wao. Sonara wa mtaani anasema nimpelekee vyote avitie mashine, vitarudi kama vipya. Naishi Mombasa, si mbali na bahari. Mdogo wangu anaolewa baada ya miezi miwili na ningependa kuvaa baadhi siku hiyo. Nianzie wapi? – Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam, dada. Poleni kwa msiba, na hongereni kwa kukubaliana bila kugombana. Masanduku kama hilo mengi huishia kugawanywa kwa mizani, nusu yake ikayeyushwa kabla ya arubaini.

Jibu fupi ni hili: ndimu hapana, na mashine pia hapana. Vito vya zamani ninavyoletewa mezani vikiwa vimeharibika, mara nyingi vimeharibiwa na kusafishwa. Uchafu wenyewe hauna pupa. Fedha ikikaa nyeusi miaka ishirini bado ni fedha, lakini nakshi ikishasuguliwa ikaisha hairudi. Kwa hiyo usione aibu kuliacha sanduku kama lilivyo wiki mbili tatu ukiwa unajifunza kila kipande kimetengenezwa kwa nini.

Hilo ndilo la kushika kuliko yote. Kito cha zamani ni nadra kuwa kitu kimoja. Kina madini, kina jiwe, kina uzi, pengine gundi au lakha (utomvu mgumu wa kujazia) ndani, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua matunzo yake. Pete ya dhahabu yenye feruzi itunze kama feruzi. Dhahabu itavumilia maji ya sabuni. Feruzi ni jiwe lenye vinyweleo, hufyonza mafuta na manukato na kubadilika rangi.

Kabla ya kulowesha kitambaa chochote, tandika taulo jeupe mezani mchana penye mwanga wa dirisha, utoe kipande kimoja kimoja na ukipige picha mbele na nyuma, rula ikiwa pembeni yake. Nunua kile kimizani kidogo kinachosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, upime kila kitu, uandike daftarini. Masonara wa kwetu wengi bado wanahesabu kwa tola, basi kumbuka tola moja ni gramu 11.66. Halafu mwite mama, mwite na shangazi, muwe na chai, uwaulize kila kipande kilitoka kwa nani na kilivaliwa lini. Shangazi usimkatize hata akirudia habari ya ndimu. Anayajua mambo ambayo hayamo ndani ya sanduku, na kipande chenye historia iliyoandikwa kina thamani zaidi, kwa ukoo na hata kwa mnunuzi, kuliko kipande bubu. Vikaratasi, nyuzi na vitambaa vilivyofungiwa vito usivitupe kabla hujavisoma vyote.

Sasa fedha, kwa kuwa ndiyo inayokusumbua zaidi.

Weusi ule ni salfaidi ya fedha, utando mwembamba unaotokea fedha inapokutana na gesi zenye salfa. Gesi hizo ziko hewani, kwenye moshi wa magari na wa jikoni, na hutoka pia kwenye sufu, kwenye mipira ya kufungia noti, hata kwenye mayai. Huanza na manjano hafifu, ikaja kahawia, ikapita kwenye bluu na zambarau, mwisho nyeusi. Unyevu huharakisha, na chumvi ya hewa ya bahari huongeza lake. Kwa hiyo Mombasa unashindana na hali ya hewa yenyewe, na mtu wa Nairobi hawezi kukupa ratiba yake ukaifuata.

Kuna sababu nyingine ya kekee za nyanya kuwa nyeusi kuliko pete ya fedha uliyonunua juzi. Fedha ya leo yenye alama 925 ina sehemu 925 za fedha katika elfu. Vito vingi vya zamani vya Oman, Unguja na Lamu vilifuliwa kutokana na sarafu zilizoyeyushwa, hasa reale ya Maria Theresa, ile yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780 ulioendelea kuchapwa kwa vizazi vingi baada ya yeye kufa. Reale hiyo ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika elfu. Kilichobaki karibu chote ni shaba. Shaba nyingi maana yake weusi wa haraka, na pengine ukijani kwenye viungo. Mtu akikuambia kekee zako ni bandia kwa kuwa zimesawijika au hazina muhuri, usimsikilize. Kazi nyingi za mafundi wa pwani hazikupigwa muhuri wowote. Sumaku nayo haitakusaidia sana: itakuonyesha kama ndani kuna chuma, basi, maana shaba na shaba nyeupe navyo havivutwi.

Ndimu na majivu vilikuwa na kazi yao wakati fedha ilivaliwa kila siku na sonara alikuwa mlango wa pili. Lakini asidi ya ndimu hula shaba iliyo kwenye uso wa fedha na kuuacha na weupe mfu kama chokaa, na majivu yana chembe zinazokwaruza. Ukiongeza chumvi unazidisha. Dawa ya meno ni hadithi ileile ndani ya tyubu: imetengenezwa kusugua jino, na jino ni gumu kuliko fedha. Tazama nakshi za kekee kwa kioo cha kukuzia. Utaona vitone vidogo vilivyochomelewa kimoja kimoja na nyuzi zilizosokotwa. Juu ya kila kitone, pale ambapo vidole vya akina nyanya vimepita miaka yote, pameshakuwa bapa. Hapo hapana akiba ya kusugua tena. Na kama ni kazi ya Oman, angalia kama kuna mabaka ya dhahabu: mafundi wa huko walikuwa wakibandika karatasi nyembamba ya dhahabu juu ya sehemu za fedha, na ikifunikwa na weusi haionekani mpaka mtu aisugue, na akiisugua ndiyo imekwenda.

Kuna ile njia ya karatasi ya aluminiamu, magadi soda na maji moto, na bila shaka umeshaiona kwenye video. Inafanya kazi kweli. Alumini hupokea salfa na fedha hubaki, kwa hiyo haikwaruzi. Shida yake ni kwamba haichagui. Inatoa weusi hadi ndani ya mifereji, na weusi wa mifereji ndio unaofanya nakshi isomeke. Mafundi wengine waliutia makusudi. Kekee ikitoka humo huwa nyeupe pote, bapa, kama sahani ya stili. Mimi huiruhusu kwa kijiko cha fedha, au mkufu wa kisasa usio na jiwe. Kwa sanduku lako, hapana.

Fanya hivi. Osha mikono, vua pete zako. Chukua kekee moja, ile iliyochakaa zaidi kati ya hizo mbili, kama haina jiwe wala uzi. Tia maji ya vuguvugu ya kunywa kwenye bakuli, maana ya kisima cha Mombasa mara nyingi yana chumvi, na matone mawili ya sabuni laini ya vyombo. Tandaza kitambaa ndani ya bakuli ili fedha isigonge. Ipitishe humo dakika moja tu, ukiifuata kwa brashi laini ya mtoto katika mifereji, bila kukandamiza. Suuza kwa maji mengine safi, kausha kwa taulo, kisha iache saa kadhaa mbele ya feni. Utashangaa: theluthi nzima ya kile ulichodhani ni weusi huwa ni mafuta ya nazi, poda na vumbi la miaka. Kilichobaki, futa kwa kitambaa maalumu cha kung'arishia fedha, vile vya pamba vilivyotiwa dawa, ukipita juu ya sehemu zilizoinuka peke yake, kwa mstari ulionyooka badala ya kuzungusha. Kitambaa kikiwa cheusi usikifue, ndivyo kilivyo. Ukiona vitone vimeng'aa na mifereji imebaki ya giza, simama hapo. Kazi hiyo haihitajiki tena mwakani. Ya mwakani ni kupangusa tu.

Mafurungu ni habari nyingine. Yatikise sikioni. Yakilia, yana uwazi ndani na yana vijiwe, ndivyo yalivyofanywa ili mwanamke asikike anapotembea. Hayo usiyatumbukize. Maji huingia kwenye kiungo na hayana pa kutokea, na wiki nzima utakuwa ukiona majimaji machafu yakivuja. Pangusa kwa kitambaa kilichoshika unyevu kidogo, halafu kikavu. Bangili za dhahabu za kazi ya Kihindi nazo zishuku: baadhi zimejazwa lakha, ambayo hulainika kwa joto, na vito vya kundan, ule mtindo wa Kihindi wa kupachika mawe kwenye dhahabu, vimekaa juu ya lakha hiyohiyo pamoja na karatasi ya kuakisi mwanga nyuma ya jiwe. Tone la maji likifika kwenye karatasi ile, jiwe linakuwa na doa jeusi la kudumu.

Kuhusu sonara wako. Simdharau, bila masonara hakuna aliyebaki wa kutengeneza ndoano ya kidani. Ila mashine yake ya kung'arishia ina gurudumu la kitambaa na dawa ya kukwaruza, na kazi yake ni kuondoa uso wa juu mpaka ung'ae. Kwa pete mpya ni sawa. Kwa kekee ya nakshi, dakika mbili zinatosha kufuta alichokichonga fundi kwa wiki mbili. Ukimpelekea kazi, mwambie maneno haya wazi: rekebisha pale palipovunjika tu, usitie mashine, usichovye kwenye asidi, usipake maji ya dhahabu wala ya rodiamu, yale madini meupe ya kung'arishia. Pima mbele yake wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Muulize pia lehemu anayotumia. Vito vya zamani vingi vimeshawahi kuzibwa kwa lehemu ya risasi, ile ya kijivu iliyokolea inayoonekana kama tone lililomwagika. Ikichomwa moto wa kuchomelea fedha au dhahabu bila kuondolewa kwanza, risasi huingia ndani ya madini na kuyatoboa. Sonara mzuri ataiona na kukuonyesha kabla hujamwambia. Huyo ndiye wa kushika. Na ofa ya kubadilisha cha zamani kwa kipya kwa uzito, ikatae kwa adabu: hapo unalipwa gramu, kazi ya mkono haihesabiwi kabisa.

Marijani na lulu nizungumzie pamoja, maana kwa asili vyote ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile cha ganda la yai. Ukidondosha ndimu juu ya marijani itatoa povu, na mng'aro wa uso wake umekwisha. Siki, jasho, manukato na dawa ya nywele hufanya vivyo hivyo polepole. Usitumie sabuni kali, usitumie ile mashine ya kutetemesha maji inayouzwa mtandaoni. Kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, baada ya kila kuvaa, basi. Lulu zilizotungwa usizitie majini, kwa sababu uzi wa hariri ukilowa hunyooka na hushika uchafu kwenye matundu. Zako zimeshalegea, kwa hiyo zinahitaji kutungwa upya kwa hariri, na fundo kati ya lulu na lulu. Fundo lina kazi mbili: lulu hazisuguani, na uzi ukikatika unapoteza moja badala ya kuzikimbiza zote chini ya viti vya wageni. Kabla uzi wa zamani haujakatwa, piga picha ya mpangilio na uzihesabu mbele ya fundi. Lulu za kale hupangwa kwa ukubwa, kubwa katikati, na mpangilio huo ukipotea kuurudisha ni kazi.

Shanga za manjano ndizo zilizonifanya nisome barua yako mara mbili, na sina budi kukukalisha hapo kidogo. Zinaweza kuwa vitu vitatu tofauti, na matunzo yanatofautiana.

Kwanza ni kaharabu yenyewe, utomvu wa miti uliogeuka jiwe kwa mamilioni ya miaka, mwingi ukitoka pwani ya Baltiki. Pili ni sandarusi, na hii ni ya kwetu. Ni utomvu wa mti wa sandarusi wa pwani ya Afrika Mashariki uliokaa ardhini, lakini haujafikia umri wa kaharabu. Karne ya 19 sandarusi ilichimbwa mrima, ikapelekwa Unguja, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, wakaibeba kwenda kutengenezea vanishi. Merikebu zilezile ndizo zilizoleta kitambaa cha marikani. Tatu ni plastiki ya zamani, resini ya fenoli ya jamii ya bakelaiti, iliyotengenezwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuuzwa Afrika na Uarabuni kote kwa jina la kaharabu. Usikunje uso: shanga hizo za resini zina wapenzi wake, na bei yake siku hizi si ya kuchezea.

Kuzitenganisha bila kuziumiza, tafuta shanga moja iliyolegea, isiyo na fedha wala uzi. Koroga vijiko vitatu vya chakula vya chumvi kwenye glasi ya maji mpaka iyeyuke, uiweke humo. Resini ya fenoli na kioo vitazama. Kaharabu na sandarusi vitaelea, na baadhi ya plastiki nyepesi za baadaye pia, kwa hiyo kuelea peke yake si ushahidi. Isuuze mara moja kwa maji safi. Baada ya hapo itazame kwa kioo cha kukuzia. Sandarusi ya zamani mara nyingi uso wake umepasukapasuka vijistari vingi vidogo, na ukiisugua kwa nguvu kiganjani inaelekea kunata. Njia ya sindano ya moto, ambayo kila mtu mtandaoni anaipendekeza, iache. Inaacha tundu la kudumu, na kama kilicho mkononi ni seluloidi, aina ya plastiki ya kale, huwaka.

Yoyote kati ya hizo haipendi pombe. Manukato yana pombe, vitakasa mikono vina pombe. Kwenye sandarusi tone moja hulainisha uso ukanata na kushika alama ya kidole. Joto nalo: usiuache mkufu huo kwenye dashibodi ya gari hata nusu saa. Na zile tembe za nondo kabatini, mvuke wake unaweza kulainisha utomvu na plastiki za kale, kwa hiyo sanduku la vito na tembe hizo visikae rafu moja.

Dhahabu haina mengi. Pauni ya Kiingereza ni ya karati 22, upana wake milimita 22, na ikiwa haijaguswa huwa na uzito wa karibu gramu 8. Haitasawijika. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini, imekwisha. Unachotakiwa kukagua ni vile vipete vidogo vinavyoning'iniza kila pauni. Vitazame kwa ubavu: upande wa juu, unaosuguana na mkufu, hulika mpaka ukabaki mwembamba kama uzi huku upande wa chini ukiwa bado mnene. Kimoja kikiwa hivyo, vitano vyote viko njiani. Hiyo kazi ya sonara ifanywe sasa, kabla ya harusi. Pauni zenyewe usizing'oe wala kuzing'arisha. Na dhahabu isiguse dawa ya kufulia yenye klorini. Hasa ile ya karati za chini, madini yaliyochanganywa nayo huliwa.

Nikiwa kwenye dhahabu, moja la pembeni. Shirika la Afya Duniani linasema krimu ya kung'arisha ngozi ikiwa na maelekezo ya kuepuka kugusana na fedha, dhahabu, mpira au aluminiamu, hiyo ni dalili kwamba inaweza kuwa na zebaki. Bibi harusi na mashoga zake wakiwa kwenye maandalizi, wasome makopo yao. Vito ni sababu ndogo. Figo zao ni sababu kubwa.

Bruchi ya vioo itunze mbali na maji kwa sababu ileile ya kundan: vioo vina rangi ya fedha nyuma na vimeshikwa kwa gundi. Kijiti cha pamba kilicholoweshwa kisha kikaminywa, pitisha juu ya kioo, kausha papo hapo. Ukiona unga wa kijani kwenye pini, utoe kwa kijiti cha meno na uiweke bruchi peke yake. Usipake rangi ya kucha isiyo na rangi, si kwenye bruchi wala kwenye fedha. Itabadilika manjano na kubanduka vipande, na weusi utaota chini ya mabaki yake.

Bangili nyeupe ndizo nzito, na sizungumzii uzito wa mizani. Zigeuze utazame pale zilipokatwa. Pembe ya ndovu huonyesha mistari iliyopinda inayopishana kama wavu. Mfupa huonyesha vitone na vistari vifupi vya giza. Seluloidi iliyoigizwa pembe ina mistari iliyonyooka sambamba, na ukiisugua mpaka ipate joto hunusa kafuri. Ikiwa ni seluloidi, itenge kabisa, maana inapozeeka hutoa mvuke wenye asidi unaokula fedha iliyo jirani. Ikiwa ni pembe, swali lako si la usafi tena. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, marufuku ikaanza kutumika Januari 1990, na hapa Kenya sheria ya wanyamapori ya 2013 inafanya hata kuwa nayo bila kibali kuwa kosa, bila kujali ilinunuliwa na nani enzi za ukoloni. Usiiuze, usimpe mtu zawadi, usiitie kwenye mzigo wa kwenda Dubai au Muscat, na usiivae harusini ukapigwa picha. Mwone wakili kwanza, kisha kupitia kwake mfike ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwulize utaratibu. Najua ni jambo la kukera kwa kitu cha nyanya. Lakini kukamatwa uwanja wa ndege kunakera zaidi.

Mahali pa kuhifadhi, katika hali yenu ya hewa, pana uzito kuliko dawa yoyote. Sanduku la mbao la nyanya libaki kama pambo, likiwa na daftari ndani. Mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi, na lulu na marijani huuhisi kwanza. Fedha ifunge kipande kwa kipande kwa marikani iliyofuliwa mara kadhaa bila blichi, au kanga ya pamba tupu iliyochuja rangi yake yote. Gazeti hapana, sufu hapana, na mpira wa kufungia hata kidogo. Kisha itie kwenye kopo la plastiki ngumu la kuwekea chakula, lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika jeli. Vile vinavyokuja kwenye viatu vipya vimeshashiba unyevu, kwa hiyo vinunue vipya, au ununue silika jeli inayobadilika rangi na uikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa chache kila inapogeuka. Plastiki laini yenye harufu, ile ya pochi za bei rahisi, iepuke, hasa karibu na fedha.

Lulu, marijani, pembe na shanga za manjano usizitie kwenye kopo hilo la silika. Hizo zikikauka kupita kiasi hupasuka. Ziwekee kimfuko cha pamba ndani ya boksi la kadi, kwenye kabati la chumba cha kulala, mbali na ukuta wa bafu na mbali na dirisha linalopigwa na upepo wa bahari. Kila baada ya miezi mitatu zitoe, zipate hewa, uangalie. Kama unafikiria sanduku la benki, dhahabu ipeleke, lulu zibaki nyumbani.

Basi harusi. Ningekuwa wewe ningevaa kidani baada ya vile vipete kurekebishwa, na kekee zote mbili. Hina na piko vikauke kabisa kwanza. Jifukize udi, jipake mafuta, jipulize manukato, nywele ziwekwe dawa, asumini zipachikwe, nguo ivaliwe. Vito vije mwisho kabisa, dakika za kuondoka. Moshi wa udi ni mtamu lakini unabeba mafuta yanayoganda kwenye mifereji ya fedha, kwa hiyo usikalie chetezo ukiwa na kekee mkononi. Ukirudi usiku, hata uwe umechoka vipi, vua vito kabla ya nguo, uvipanguse jasho kwa kitambaa kikavu, uviache mezani mpaka asubuhi ndipo uvifunge.

Mkufu wa marijani ukitaka uvae siku ya kupaka hina, ila mikono yako wewe isiwe ndiyo inayopakwa. Lulu ziache nyumbani mpaka zitungwe. Fundi akikuambia atamaliza jioni hiyohiyo, mwulize kama anafunga fundo kati ya kila lulu. Akisema fundo si lazima, tafuta mwingine.